Mcheshi, Mwimbaji na Mchukuzi

Msomaji, habari ninayotaka kukusimulia ilitokea Marekani. Lakini kabla sijakuvusha bahari, niruhusu nikupitishe kwanza katika duka moja la milimani Taita, mahali nilipokulia. Sitalitaja jina la duka hilo wala la mwenyewe. Yeye amekwisha kufa, na watoto wake ni watu wema.

Siku zile kijijini petu hapakuwa na mtu mwenye sanduku la posta ila mwenye duka yule. Barua zetu zote ziliandikwa majina yetu, kisha jina lake, kisha nambari ya sanduku lake katika mji wa Voi. Mara moja kwa juma aliteremka mjini kununua bidhaa, akarudi na sukari, chumvi, mafuta ya taa, na fungu la barua lililofungwa kwa uzi. Hakututoza hata senti moja kwa kazi ile, na kwa hiyo tulimhesabu kuwa mfadhili. Wala hata leo sikatai kwamba alikuwa mfadhili. Lakini ilijulikana polepole, kama moshi unavyojulikana kabla moto haujaonekana, kwamba barua za wateja wake zilifika siku ile ile aliyorudi, na barua za watu walionunua sukari katika duka la pili, ng'ambo ya kijito, zilikawia. Hazikupotea. Zilikawia tu.

Mwaka niliomaliza darasa la saba, mama yangu alikuwa na deni katika duka lile, naye kwa haya akawa ananunua mahitaji yake kule ng'ambo. Barua ya kuniita shule ya sekondari ilikaa nyuma ya debe la mafuta siku kumi na sita. Sisemi kwa kukisia. Muhuri wa posta ulikuwa na tarehe yake, na siku niliyokabidhiwa barua siwezi kuisahau. Nilipofika shuleni nafasi yangu ilikuwa imekwisha kupewa kijana mwingine. Nilipokewa kwa huruma ya mwalimu mkuu, nikalala muhula mzima juu ya godoro lililotandikwa sakafuni.

Aliyelifichua jambo lile hakuwa chifu, wala mwalimu, wala mzee wa kanisa. Alikuwa mzee mmoja mcheshi, ambaye tulizoea kumwita katika harusi ili atuchekeshe na katika matanga ili atupunguzie machozi. Siku moja ya baraza, mambo makubwa yote yalipokwisha kusemwa, alisimama akajikunja kama kitu kilichobanwa rafuni, akaanza kulia kwa sauti nyembamba. Alisema yeye ni barua. Ametoka Mombasa salama, amesafiri katika gari la moshi pamoja na barua za mabwana wakubwa wala hakuna aliyemuuliza kabila lake. Lakini amefika dukani amefungwa, kwa kosa la mwenyewe kununua sukari kwingine. Akaomba walau apewe maji. Watu walicheka hata wakafuta machozi, na mwenye duka naye akacheka. Kisha kicheko kikaisha, tukabaki tunatazamana. Tangu juma lililofuata barua zilitundikwa kwenye kamba mbele ya duka, kila mtu aione yake na kuichukua.

Mzee yule alitiwa moyo na ushindi wake, akagombea udiwani. Alipata kura ambazo kwa kumheshimu sitazitaja hesabu yake. Watu walisema mcheshi ni mcheshi. Mambo ya serikali yana watu wake.

Miaka mingi ilipita, nikayasahau haya. Niliyakumbuka yote kwa pamoja siku nilipotazama sinema moja ya Marekani, sinema ya mambo ya kweli wala si ya kubuni, iitwayo Barbershop Punk. Waliotengeneza ni Georgia Sugimura Archer na Kristin Armfield, nayo ilianza kuonyeshwa mwaka 2010. Jina lake limeunganisha vitu viwili visivyokaa pamoja. Panki ni muziki wa vijana wenye hasira, wa magitaa yenye kelele, nao tangu miaka ya 1970 umejivunia kutomwomba tajiri ruhusa ya kuimba. Watu mashuhuri wa muziki huo, kama Henry Rollins na Ian MacKaye, wamo katika sinema. Muziki wa kinyozi ni kinyume cha huo. Ni uimbaji wa watu wanne bila ala yoyote, kila mmoja ameshika sauti yake, na sauti hizo huungana mpaka msikilizaji adhani yupo mtu wa tano aliyejificha.

Wengi waliochunguza asili ya uimbaji huu wameikuta kwa Wamarekani weusi, waliokutana kwa vinyozi wao mwishoni mwa karne ya 19 wakaimba huku wakingoja zamu. Hata hivyo, chama kikubwa cha waimbaji wa namna hii, kilichoanzishwa Tulsa, Oklahoma, mwaka 1938, hakikuwapokea watu weusi mpaka mwaka 1963. Nalitaja jambo hili kwa kupita, lakini si la kupita. Wenye wimbo waliwekwa nje ya mlango, ndani wimbo wao ukiimbwa.

Mtu ambaye sinema hiyo inamfuata ni Robb Topolski, mkazi wa Oregon, mjuzi wa mitandao ya kompyuta na mpenzi wa uimbaji huo wa watu wanne. Alikuwa amekusanya nyimbo kuukuu, zilizonaswa zama ambazo sauti ilichorwa juu ya nta, nyimbo ambazo kwa sheria hazikuwa tena na mwenyewe. Alitaka kuwagawia wapenzi wenziwe kwa njia ambayo kompyuta ya mtu hupeana vipande na kompyuta ya mtu mwingine, pasipo ghala kuu katikati. Mojawapo ya njia hizo huitwa BitTorrent. Mwaka 2007 akaona nyimbo zake hazitoki. Kompyuta yake ilikuwa nzima. Waya ulikuwa mzima. Malipo ya mwezi yalikuwa yamelipwa. Hata hivyo nyimbo hazikutoka.

Mtu mwingine angaliapiza akalala. Topolski alitazama muhuri wa bahasha. Yaani, alichunguza alama ndogo zinazopita kati ya kompyuta na kompyuta, alama ambazo mimi na wewe hatuzioni, akagundua jambo la kustaajabisha.

Nitalieleza kwa kadiri nilivyolielewa, nawe usichoke. Kompyuta mbili zinapozungumza, hupelekeana ujumbe katika pakiti ndogo ndogo, na kila pakiti ina jina la aliyeipeleka na jina la atakayeipokea. Kati ya pakiti hizo ipo moja ambayo maana yake ni hii: nimekata maongezi, usiniletee tena. Ni neno la halali, kwa kuwa kila maongezi hayana budi kuwa na mwisho. Sasa kampuni iliyomuuzia Topolski intaneti, jina lake Comcast, kubwa kuliko zote za aina yake Marekani wakati ule, ilikuwa ikiingia katikati ya maongezi na kuipelekea kompyuta pakiti ya kukata, na pakiti hiyo ilivaa jina la kompyuta ya pili. Kila upande ulidhani mwenzake ndiye aliyechoka. Wote wawili wakanyamaza.

Tafakari, msomaji. Mwenye duka wa kijijini petu alizuia barua. Hilo ni kosa la mikono. Lakini hakupata kuiga mwandiko wa kaka yangu aliyekuwa Mombasa, akaniandikia kwamba hataki tena kusikia habari zangu. Mashine ilifanya hata hilo, tena bila chuki. Ilifanya kwa hesabu.

Topolski alitangaza aliyoyaona, na wengi wakamtilia shaka, maana nani atamwacha mwenye waya amsadiki mwimbaji? Mwezi Oktoba wa mwaka ule waandishi wa shirika la habari la Associated Press walifanya jaribio lao wenyewe. Walijaribu kupelekeana kitabu ambacho hakuna mtu ambaye angethubutu kukiita cha haramu, nacho ni Biblia, katika tafsiri ya Kiingereza ya zamani za Mfalme James. Biblia nayo ikakatwa. Tangu hapo shaka ikawa haina mahali pa kukaa.

Haki ya kampuni nayo ni isikilizwe. Kampuni haikusema kwamba inachukia nyimbo wala Biblia. Ilisema kwamba njia ni moja na watumiaji ni wengi. Kwamba wachache wanaogawana mizigo mizito huwasonga wengine. Na kwamba haizuii, inakawiza tu, ili wengine wapate kupita. Maneno haya si ya kipuuzi. Kila barabara yataka mtu wa kuongoza magari. Lakini mwongozaji wa magari husimama katikati ya njia na kofia yake kichwani, kila mtu akamwona. Hajifichi kichakani akaigiza sauti ya mkeo akikuambia urudi nyumbani. Tena kampuni ile ile iliuza televisheni kwa waya, na watu waliopelekeana picha kwa intaneti walikuwa wakijifunza kuishi pasipo televisheni yake. Mwenye njia alikuwa pia mwenye duka. Hapo ndipo nilipolikumbuka lile debe la mafuta.

Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliitisha kikao katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kikao chenyewe kilifanyika tarehe 25 Februari 2008, watu wakaja wengi, na wengine wakakosa nafasi wakarudishwa mlangoni. Baadaye ilijulikana, na kampuni ikakiri, kwamba ilikuwa imewalipa watu kutoka njiani waje mapema washike viti. Baadhi yao walilala usingizi vitini. Sijui kama yupo mtunzi wa vichekesho ambaye angebuni jambo linalofaa zaidi: katika kikao cha kuamua kama ni haki kuziba njia, njia ya kuingilia kikaoni ikazibwa.

Mwezi Agosti mwaka huo Tume iliamua, kwa kura 3 dhidi ya 2, kwamba kampuni ilikosea na iache. Lakini mwezi Aprili 2010 Mahakama ya Rufani mjini Washington ilitangua uamuzi huo. Mahakama haikusema kukata maongezi ya watu ni kuzuri. Ilisema Tume haikuonyesha sheria inayoipa mamlaka ya kukataza. Yaani mwizi hakusifiwa, ila askari aliambiwa hana kibali cha kumkamata.

Katika mwaka huo huo wa 2010 alikuwako katika Baraza la Seneti mtu mmoja ambaye maisha yake yote kabla ya hapo yalikuwa ya kuchekesha. Huyu ni Al Franken. Alizaliwa New York mwaka 1951, akalelewa Minnesota, akasoma Harvard, chuo kile kile ambacho viti vyake vilikuja kulaliwa. Mwaka 1975 alikuwa miongoni mwa watunzi wa kwanza wa kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live, katika televisheni ya NBC, akakitumikia kwa miaka mingi, akiandika na kuigiza. Aliandika pia vitabu vya kuwadhihaki wanasiasa na watangazaji.

Mtu wa namna hiyo aliposema anataka useneta wa Minnesota, walicheka, na safari hii si kwa sababu ya mzaha wake. Uchaguzi ulifanyika Novemba 2008. Kura zilikuwa karibu milioni 2.9, zikahesabiwa, zikahesabiwa tena, kesi ikapelekwa mpaka mahakama kuu ya jimbo, na mwisho alishinda kwa kura 312. Aliapishwa Julai 2009, miezi minane baada ya uchaguzi. Mzee wetu wa Taita angalifurahi kusikia habari hizi. Kura 312 zilimtosha mcheshi mmoja. Yeye hakuzipata hata za ukoo wake.

Alipoingia barazani Franken alijizuia mizaha, akasoma makabrasha kama mwanafunzi anayeogopa mtihani. Aliona kwamba mcheshi akicheka mahali pale watu hawatamsikia, na asipocheka watashangaa. Basi akachagua jambo ambalo maseneta wengi waliliona kavu na la mafundi, yaani usawa katika mtandao: kanuni kwamba mchukuzi wa intaneti achukue kila mzigo kwa namna moja, asiharakishe wa rafiki wala kukawiza wa mshindani. Alisema mara kwa mara kwamba hili ndilo jambo kubwa la uhuru wa kusema katika zama zetu.

Kwa nini yeye? Jibu ninalolipenda ni hili. Mwishoni mwa mwaka 2009 Comcast, kampuni ile ile ya nyimbo zilizokatwa, ilitangaza kwamba inataka kuinunua NBC, televisheni ile ile iliyomlea Franken. Mwenye njia alitaka sasa kuwa mwenye kiwanda cha sukari. Februari 2010 wakuu wa kampuni hizo walifika mbele ya kamati ya Seneti wakaahidi kwamba hawatavipendelea vipindi vyao wenyewe. Wengine wangalizipokea ahadi hizo kwa adabu. Franken hakuweza, maana alikuwa amekaa jikoni. Aliwakumbusha kwamba miaka ya nyuma mashirika ya televisheni yaliahidi maneno kama hayo, na sheria zilipolegezwa yakavipendelea vipindi vyake yenyewe. Wasomi waliyajua hayo kwa kusoma. Yeye aliyajua kwa kuwa alikuwa mtunzi, na mtunzi ndiye wa kwanza kujua ni kipindi gani kitarushwa na ni kipi kitatupwa. Ununuzi uliruhusiwa hata hivyo, Januari 2011, kwa masharti.

Unaona basi jinsi mwimbaji wa Oregon na mcheshi wa Minnesota walivyounganika. Sisemi walikuwa marafiki. Naunganisha walichokiona: kila mmoja kwa mlango wake alifika mbele ya mchukuzi yule yule, akamwuliza swali lile lile. Tena wote wawili walikuja na mizigo ambayo wakubwa huiita upuuzi: mmoja nyimbo za kinyozi, mwingine vichekesho. Mwenye mzigo mkubwa hupata njia. Waziri hatakatiwa maongezi, benki haitakawizwa. Ukitaka kujua kama mchukuzi ni mwadilifu, tazama anavyoutendea mzigo usio na mtu wa kuutetea. Ndiyo maana kosa hili halikugunduliwa na benki.

Mwaka 2014, baada ya mahakama kutangua tena kanuni za Tume, mcheshi wa tatu aliingia katika habari hii, Mwingereza John Oliver, ambaye katika kipindi chake cha televisheni alilieleza jambo hili kwa mizaha na kuwaomba watazamaji waiandikie Tume. Maoni yaliyoifikia Tume mwaka ule yalikaribia milioni 4. Tarehe 26 Februari 2015 Tume ilipiga kura, 3 kwa 2, kwamba makampuni ya intaneti yahesabiwe kuwa wachukuzi wa umma kama yale ya simu. Ilikuwa kamba iliyotundikwa mbele ya duka.

Ningependa habari iishie hapo. Lakini nimekuahidi mambo ya kweli, na ya kweli hayaishi mahali tunapopenda.

Novemba 2017 wanawake kadhaa walianza kusema hadharani kwamba Franken aliwagusa au kuwabusu pasipo ridhaa yao. Baadhi ya mashtaka aliyakanusha. Mengine alisema anayakumbuka vingine. Tarehe 7 Desemba alisimama barazani akatangaza kwamba atajiuzulu. Siku saba tu baadaye, tarehe 14 Desemba, Tume, iliyokuwa sasa na wengi wa upande mwingine, ilipiga kura 3 kwa 2 kuzifuta kanuni za mwaka 2015. Tarehe 2 Januari 2018 aliondoka kitini.

Haya mawili hayakusababishana. Kura za Tume zilikuwa zimekwisha kuhesabika kabla, na Franken angalibaki zisingegeuka. Lakini yalipokutana juma moja, nilisikia watu wakiyafunga pamoja kwa kamba moja: mnamwona mtetezi wenu alivyo? Nami nakiri, msomaji, kwamba nilitaabika. Nilikuwa nimempenda mtu huyu. Nilikuwa nimemlinganisha na mzee wetu. Katika makabila yetu mengi mtani ana ruhusa ya kusema matangani neno ambalo ndugu wa maiti hathubutu kulisema, na watu humwachia kwa sababu wamemzoea kuwa mtu wa mzaha. Lakini ruhusa hiyo ina hatari yake. Mtu aliyezoea kwamba kila alitendalo litachekwa na kusamehewa aweza kusahau kwamba kuna mwili wa mtu usio wa kufanyiwa mzaha. Wanawake wale walikuwa na haki ya kusikilizwa, wala nyimbo nzuri za Topolski, wala hotuba nzuri za seneta, haziwezi kuwekwa mizanini zikapunguza haki hiyo hata chembe.

Wala kosa la seneta haliwezi kuipunguza pakiti ya kughushi. Pakiti ilipelekwa mwaka 2007. Ipo katika kumbukumbu za mashine. Waliijaribu wengine wakaikuta. Neno la mcheshi laweza kupimwa pasipo mcheshi. Kama ningalisema barua yangu ilikawia kwa sababu mzee yule alisema hivyo, ningalikuwa na sababu ya kuhofu kila aibu yake. Lakini sikusema hivyo. Nilisoma muhuri.

Wapo wanaosema kwamba baada ya mwaka 2017 mtandao haukufa, na kwa hiyo kelele zote zilikuwa za bure. Ni kweli haukufa. Hata kijiji chetu hakikufa wakati barua zilipokaa nyuma ya debe. Watu walilima, walioa, walizika. Aliyeumia ni mmoja mmoja, na kila mmoja alidhani ni bahati yake mbaya. Jimbo la California halikutaka kungoja. Lilitunga sheria yake lenyewe mwaka 2018. Mwezi Aprili 2024 Tume, baada ya kubadilika tena, ilizirudisha kanuni kwa kura 3 dhidi ya 2. Nadhani sasa umeizoea hesabu hiyo. Kisha tarehe 2 Januari 2025, miaka saba kamili tangu Franken kuondoka barazani, Mahakama ya Rufani iliyopo Cincinnati iliamua kwamba Tume haina mamlaka ya kuyahesabu makampuni ya intaneti kuwa wachukuzi wa umma. Kamba ikashushwa.

Yale yaliyokuwa katika fungu la nyimbo za Topolski yamekaa moyoni mwangu kuliko kesi zote hizi. Watu wanne wasimama kwa kinyozi, mmoja akiwa na povu la sabuni shavuni, wakaimba kwa dakika mbili. Nta ikazishika sauti zao. Wao wakafa, nta ikaanza kupasuka. Mtu asiyewajua akazichukua sauti hizo akazitia katika kompyuta ili zisipotee. Hivyo ndivyo ninavyowawaza. Walivuka karne nzima salama, wakazuiliwa katika waya wa jirani.

Bahasha yangu ninayo hata leo, ndani ya Biblia ya mama. Muhuri wa posta ya Voi bado wasomeka ukiusogeza kwenye mwanga, na chini ya jina langu kuna jina la mwenye duka, limeandikwa kwa mwandiko wa karani nisiyemjua. Nyuma kuna doa la mafuta ya taa, la duara, kubwa kama shilingi.